Kikao cha Dharura Kuhusu Lifti Inayopiga Shoti na Ndoo ya Maji ya Ethi

KIKUNDI CHA WABANGUAJI KOROSHO NANDOPE, NEWALA
Jumamosi, 12 Oktoba 2024, saa 4:00 asubuhi, ndani ya banda la kubangulia

WALIOHUDHURIA: Mzee Abuu (Mwenyekiti), Dorika (Katibu), Bwanali (Mtunza stoo), Hajira, yaani Mama Kurwa (Mwendesha lifti), Nuria (Mjumbe).
MWALIKWA: Fundi Benjamin wa Mkomaindo, Masasi.
HAKUHUDHURIA: Maryam, yuko msibani Lulindi. Alitoa taarifa.

KUMB. NA. 1/10/2024: KUFUNGUA
Mwenyekiti alifungua kwa dua, akaomba wajumbe wazungumze mmoja mmoja, kwani kikao kilichopita walisikika hadi sokoni.

KUMB. NA. 2/10/2024: LIFTI NA MWENDESHAJI WAKE
Bwanali alieleza kwamba tangu Agosti lifti ya magunia huzimika gunia likiwa linashuka, likabaki linaning'inia juu ya vichwa vya watu. Tena chuma chake kinapiga shoti. Alisema mota ni ya sevo, inayojipima mwendo yenyewe, ya kisasa, haikosei. Kinachokosea ni mkono wa mtu. Katibu aliunga mkono, akasema Hajira ni mzembe, arudishwe kubangua.

Hajira alisema alibangua miaka tisa hadi vidole vikababuka kwa mafuta ya maganda. Aliwaonyesha. Alisema akirudishwa kule ni heri aache kikundi. Bwanali alisema mlango uko wazi. Mwenyekiti alimtaka afute kauli. Aliifuta, kwa sauti ndogo.

KUMB. NA. 3/10/2024: MAELEZO YA FUNDI
Fundi Benjamin aliomba aone kwanza. Ndoano tupu ilishushwa, ikafika chini salama. Gunia lilipofungwa na kushushwa, namba kwenye amplifaya, kile kisanduku kinachoiendesha mota, zilipanda mbio na lifti ikazima. Jambo hili lilirudiwa mara tatu kwa ombi la Nuria, ambaye hakuamini macho yake.

Fundi alieleza kwamba gunia likishuka ndilo linaloizungusha mota, na mota ikizungushwa hivyo inazalisha umeme, unaorudi kwenye amplifaya. Mwenyekiti aliuliza: "Unarudi? Kwa hiyo gunia la korosho linatengeneza umeme?" Fundi alijibu ndiyo. Nuria aliuliza kama unaweza kuchemsha chai. Fundi alisema ni kidogo, lakini lazima upate pa kwenda, na pa kwenda ni rizista ya breki, inayougeuza kuwa joto. Usipopata, amplifaya inajizima isiungue. Hapo aliuliza rizista iko wapi.

Bwanali alieleza kwamba mwezi Agosti alikuta kidude ukutani kina moto kama pasi, karibu na magunia, akaogopa banda litaungua. Alikifungua akakihifadhi stoo, ndani ya debe. Fundi alisema hiyo ndiyo rizista, na kuwa na moto ndiyo kazi yake. Angekihamisha mbali na magunia, si kukifungua.

Umeme ulizimwa. Fundi alikataza mtu kugusa amplifaya mpaka taa yake nyekundu ife, maana umeme hubaki ndani. Wajumbe wote waliikodolea macho ile taa dakika nane nzima, bila ugomvi. Rizista ilifungwa ukuta wa pili. Umeme ulipowashwa, gunia lilishuka hadi chini.

KUMB. NA. 4/10/2024: SHOTI
Fundi alipima, akakuta chuma cha lifti bado kina umeme unaovuja. Alisema unatakiwa upite kwenye waya wa ethi, ule wa kupeleka umeme ardhini, hadi kwenye nondo iliyochimbiwa nyuma ya banda, lakini mchanga pale ni mkavu kama unga, haupitishi kitu. Aliuliza kuhusu maagizo aliyoacha alipoifunga lifti: kiangazi, ndoo moja ya maji imwagwe penye nondo kila Jumatatu. Nani alipewa kazi hiyo?

Katibu alieleza kwamba ni yeye. Alisema anapanga foleni ya maji tangu alfajiri, na hakuona mtu mwenye akili anayemwaga maji mchangani hapa Newala. Tangu Agosti maji hayo aliyapikia uji wa wabanguaji, na wote walikunywa. Katibu aliuliza kama ni lazima haya yaandikwe. Mwenyekiti alisema yaandikwe.

Nuria alisema: "Loh! Waliomshitaki Mama Kurwa ndio wenye makosa yote mawili."

KUMB. NA. 5/10/2024: MAAZIMIO
Hajira abaki kwenye lifti. Fundi achimbie nondo ya pili, ndefu zaidi, yenye mkaa na chumvi pembeni ili udongo ushike unyevu. Mpaka hapo lifti isitumike bila ndoo ya Jumatatu, na ya kwanza imwagwe leo hii.

Katibu alikwenda kuleta ndoo ya nyumbani kwake, akaimwaga yote. Fundi alipima tena, akaitikia kwa kichwa. Hajira alishika chuma cha lifti kwa kiganja kizima, akakaa hivyo, akilia.

Katibu alimwomba radhi, akaomba pia neno "mzembe" lifutwe kwenye KUMB. NA. 2. Hajira alisema radhi ameipokea, ila neno lisifutwe. Libaki palepale, na Katibu mwenyewe alisome mbele ya wote.

Limebaki.

Wajumbe walitawanyika saa 6:40 mchana.

Mwenyekiti: Abuu (sahihi)
Katibu: Dorika (sahihi)