Chembe za Dawa ya Mbu

Jumanne, 10 Mei 1960
Homa Kisiwa Panza haijapungua. Miezi miwili tangu nyumba zipigwe dawa ya mbu! Bwana Mkubwa wa ofisi kaniita: ule unga wa dawa ulipimwa? Ulipimwa — chembe nilizipima kwa hadubini mimi mwenyewe, ndogo zote kama itakiwavyo, nikatia saini. Basi kosa ni la wenyeji, kasema. Wamekandika kuta kwa ajili ya Idi, wameifukia dawa chini ya udongo. Kaorodhesha majina. La tatu ni la dada yangu, Mwanawema. Binti yake, Time, ana homa tangu Ijumaa.

Alhamisi, 12 Mei
Time amefariki alfajiri. Miaka minne. Tumemzika Panza baada ya adhuhuri.

Jambo moja. Nilipotawadha kisimani pale nikasukutua, maji yana chumvi. Nikamuuliza Jaribu, mpiga bomba wetu aliyezipiga nyumba za Panza: dawa mliichanganya na maji gani? Ya kisima hiki hiki, kasema, au ulitaka tubebe mapipa kutoka mjini Chake? Nimerudi ofisini na chupa moja ya maji hayo.

Ijumaa, 13 Mei
Mimi dawa huipima kwa maji ya mvua, ya tangi la ofisini. Sikuwahi kufikiri. Leo nimekoroga unga kwenye bilauri mbili ndefu, nikaziacha nusu saa. Ya maji ya mvua — nyeupe juu mpaka chini. Ya Panza — chembe zimegandana, zimezama zote, juu maji matupu. Nimerudia mara tatu. Hadubini haikukosea, nimekosea mimi. Dawa ilituama ndani ya mabomba, kuta zikapigwa maji matupu.

Nimempelekea Bwana Mkubwa bilauri zote mbili. Hakuinua kichwa. Ripoti imeshakwenda Unguja, kasema, na saini ya kipimo ni yako.

Nimeogopa. Nimetoka.

Jumamosi, 14 Mei
Hitima. Shemeji Shaame kasema mbele ya watu: udongo wa mke wangu ndio uliomuua mtoto. Kaambiwa na watu wa ofisi yetu. Anataka kumwacha dada.

Baada ya dua dada kaniita uani. Macho makavu. Kaka, wewe ndiye unayeijua dawa hii, niambie kweli — nisingekandika, mwanangu angekuwa hai?

Shaame kasimama mlangoni, anasikiliza.

Nikasema ngoja, nitapima tena, na mimi nimeshapima mara tatu.

Naandika barazani. Mwanawema yumo ndani, namsikia anakwangua udongo ukutani kwa kisu. Tangu alasiri. Hakuna anayemzuia.