Pindo la Veli ya Martina

Kilangala, 3 Februari 2024

Mdogo wangu Valeria,

Habari za siku nyingi? Mimi huku mzima, ila mguu wa kushoto unanivuta nikitembea sana. Natumaini wewe na mwanangu Martina mko salama hapo Nangurukuru.

Nimeandika barua kwa sababu kwenye simu unanikatiza, na nikipandisha sauti majirani wanasikia. Jumapili Martina kanipigia kunieleza mipango ya harusi. Nikamwambia, "Hiyo veli niletee mapema, nianze kushona pindo la shanga." Akasema, "Mama, mama mdogo ameshaanza."

Valeria, nani kakupa kazi hiyo? Sindano ya shanga uliishika mara ya kwanza kwenye kibaraza changu, una miaka kumi na miwili, unalia kwa sababu umejichoma kidole. Na huyo binti nani kamzaa? Nilikupa akae kwako miaka minne ajifunze kazi. Sikukupa awe wako.

Nijibu.

Dada yako,
Cecilia


Nangurukuru, 11 Februari 2024

Dada yangu,

Shikamoo. Pole na mguu. Sisi hatujambo. Biashara inakwenda, mabasi yakisimama, abiria wanashuka kula, wakiona vitambaa vyangu wanasogea.

Dada, sikuiomba kazi hiyo. Martina aliingia na veli mkononi akaniambia, "Nataka pindo lako, lile la chozi." Hilo sikujifunza kwako, nililitafuta mwenyewe. Nachukua shanga tatu kwa pamoja, ya katikati ndefu kama chozi, narudisha sindano kwenye ile ya kwanza, navuta, zinasimama zenyewe ukingoni. Siku nzima namaliza urefu wa mkono mmoja tu.

Na kwa kuwa umeuliza, nami niseme. Wewe una mtu wa kukuita mama mpaka siku ya kufa. Mimi Mungu hakunijalia. Martina akiwa hapa huniita mama. Akikuona wewe tu, mimi narudi kuwa mama mdogo. Unadhani siumii? Niachie hili pindo, dada. Wewe shona vitambaa vya meza ya maharusi.

Mdogo wako,
Valeria


Kilangala, 2 Machi 2024

Mdogo wangu mpenzi,

Habari za kazi? Mimi sijambo, mguu umepoa.

Barua yako nimeisoma mara mbili, nikaona hasira zangu zilikuwa za bure. Shona wewe. Vitambaa vya meza nitashughulikia mimi. Ila ukimaliza nitumie veli nami niishike kabla ya watu wote. Mpe Bonaventura, yule kondakta wa basi la asubuhi, nitaipokea barabarani. Haitakaa kwangu zaidi ya wiki.

Msalimie mwanetu.

Dada yako akupendaye,
Cecilia


Nangurukuru, 20 Aprili 2024

Dada,

Shikamoo. Hali yako? Nauliza kwa wasiwasi.

Bonaventura anasema alikukabidhi veli Alhamisi baada ya Pasaka. Wiki mbili zimepita. Simu inaita, hupokei. Kama unaumwa sema nije. Kama bado unaitazama, itazame, lakini harusi ni tarehe nane Juni na Martina ananiuliza kila asubuhi. Namwambia, "Mama yako anawaonyesha wanajumuiya wenzake wa kanisani." Nimeanza kuona aibu kumdanganya.

Mdogo wako,
Valeria


Kilangala, 4 Mei 2024

Mdogo wangu,

Sikuulizi hali, kwa sababu ukimaliza barua hii haitakuwa nzuri.

Veli nimeiharibu.

Siku niliyoipokea niliitandaza kitandani. Nikalipapasa pindo kwa kidole, sikupata palipolegea. Jirani yangu Bertha akaingia, akashika kichwa: "Cecilia! Kazi ya nani hii? Wewe hujawahi kushona hivi." Alikuwa anasifu tu. Mimi nilisikia ananidharau.

Kesho yake nikasema nitafumua pembe moja tu, niweke shanga zangu, ili mwanangu aingie kanisani na kitu cha mkono wangu. Nikachukua wembe, nikakata uzi. Kisha nikashindwa kutunga sindano. Nilianza asubuhi, nikasikia adhana ya adhuhuri uzi bado haujapita. Valeria, vitu vya karibu sivioni. Mwaka wa pili huu. Vile vitambaa nilivyokuwa nakutumia uniuzie, kashona Bertha. Zaidi ya yeye sikumwambia mtu, hata Martina.

Badala ya kulia nikakukasirikia wewe mwenye macho. Nikaendelea na wembe. Pindo limebaki sehemu ya nyuma tu, na pale mkono ulipoteleza kitambaa kimechanika. Shanga zilimwagika sakafuni, kuku wakaingia wakawa wanazidonoa. Niliwaangalia, sikuwafukuza.

Sikutaka ifike huko. Au nilitaka. Sijui.

Nimemrudishia Bonaventura, pamoja na barua hii.

Dada yako,
Cecilia


Nangurukuru, 12 Mei 2024

Cecilia,

Leo sikuamkii.

Martina aliwahi basi kabla yangu. Mfuko kaufungua yeye, na barua yako kaisoma yeye kwanza. Nilipofika nilimkuta anaikunja veli, pole pole, kama nguo iliyotoka kupigwa pasi. Hakulia. Akaniuliza, "Mlikuwa mnagombania kitambaa, au mnanigombania mimi?"

Nikamwambia, "Aliyekata ni mama yako."

Akasema, "Na wewe umefurahi kakata, ili nibaki wako."

Sikumkatalia, nikaichukua veli nikaiweka sandukuni. Kwa sababu kweli, nilipoiona ile mipasuko, kabla hasira haijaja, nilifurahi kidogo. Sasa unajua.

Nimemwambia nitaacha kazi zote niishone upya. Hataki. Atakodi veli Lindi mjini.

Usinipigie.

Valeria


Kilangala, 25 Juni 2024

Mdogo wangu,

Hujambo? Sijui kama barua hii utaifungua.

Kanisani ulikaa benchi la mbele yangu, uko peke yako, nami peke yangu. Mbali bado naona vizuri. Martina alipita na ile veli ya kukodi, ukingo umeshonwa kwa mashine, kubwa kuliko kichwa chake, anaishika kwa mkono isidondoke. Bwana harusi wetu Sixbert anacheka na kila mtu, kijana wa watu, hajui lolote.

Nje Martina alinipa mkono akasema, "Asante kwa kuja, mama." Kama unavyomshukuru mgeni. Kisha akaja kwako. Nikakaza macho nione kama atakukumbatia. Baada ya yote niliyofanya, Valeria, bado nilikuwa nakuonea wivu. Naye akakupa mkono vilevile. Nikapata nafuu moyoni. Halafu nikajichukia kwa ile nafuu.

Nisamehe. Sina lingine.

Dada yako,
Cecilia


Nangurukuru, 9 Julai 2024

Dada,

Shikamoo.

Sijakusamehe. Ila kuna jambo linanikera kuliko veli. Miaka miwili huioni sindano, nami nakutumia ujumbe kwamba mshono wako siku hizi umebadilika, nawe unanijibu ni uzi mbaya.

Tarehe 16 wanakuja watu wa macho hapa kituo cha afya, wanapima na kutoa miwani. Njoo siku moja kabla, ulale kwangu. Usibebe mihogo wala nini. Na usitegemee nitakuwa nimeshaacha kununa. Njoo nikiwa hivi hivi nimenuna.

Martina nimemweleza. Amejibu, "Sawa," basi.

Mdogo wako,
Valeria


Kilangala, 30 Julai 2024

Mdogo wangu mpenzi,

Marahaba. Nilirudi salama, na Bertha anakusalimu. Sasa nasoma mwandiko wako bila kunyoosha mkono. Kumbe unaandika vibaya hivi!

Kuna jambo sikukwambia. Siku ile baada ya kupata miwani ulinipa ugali na kisamvu, ukarudi kwenye meza yako barabarani. Nilifungua sanduku lako bila ruhusa, nikaitoa veli. Nikakaa dirishani nikaitazama ile sehemu ya nyuma iliyopona. Ndiyo mara ya kwanza naiona kwa macho.

Sikuwa natazama kwa wema. Nilikuwa natafuta kosa. Nilikwenda ushanga kwa ushanga nipate fundo moja lililochungulia, chozi moja lililolala upande. Nilifika mwisho sijapata, nikaanza tena.

Valeria, kazi yako ni nzuri kuliko yangu. Hata ile yangu ya zamani, nilipokuwa naona. Uliporudi nilitaka kukwambia, badala yake nikasema chumvi ya kisamvu imezidi. Imeniuma, na hata sasa ninapoandika inaniuma, lakini ndivyo ilivyo.

Jana Martina alipiga. Akaniuliza kama miwani inabana masikioni. Nikasema haibani. Kisha akasema, "Mama, utakuja lini uone tunapokaa?"

Nikamjibu, "Ngoja nimuulize mama yako mdogo, tuje pamoja."

Sikupenda kusema hivyo. Nilitaka niende peke yangu, nikae naye siku nzima, aniite mama na pasiwe na mwingine wa kumgeukia. Lakini nimeshasema. Chagua siku.

Dada yako,
Cecilia