Plasta ya Baba kwenye Nyumba ya Mapadri

Jumatatu, 2 Septemba 2024

Nimeanza kupima nyumba ya mapadri. Kumbe ilikuwa ya tajiri wa Kihindi kabla ya kanisa kuinunua! Mashubaka yake bado yapo ukutani — sasa humo zimekaa sanamu za watakatifu. Vyumba vyote vyembamba, mita tatu na kidogo. Ndio mwisho wa urefu wa boriti za mikoko zinazobeba dari, basi. Varanda ya matao waliongeza mapadri. Kuta nene kuliko mkono wangu ulivyo mrefu. Shingo inaniuma.

Padri kaniletea chai. Kauliza kama nyumba itasimama. Ripoti anaitaka wiki ijayo. Bila ya kujulikana sababu ya nyufa za kuta hapati wa kumsaidia matengenezo.

Jumanne, 3 Septemba

Chumba cha kulia, ghorofani: dari imeshuka. Wakil, fundi wangu, kagonga ukuta kwa nje. Unalia kama debe tupu. Kabandua kipande — simenti! Ngumu, nene, juu ya mawe na chokaa. Maji yamefungiwa ndani, ukuta hauna pa kupumulia. Ncha za boriti zimeoza. Nimeingiza bisibisi mpaka mpini.

Wakil kasema aliyepiga plasta hii hakuwa fundi, alikuwa mkaanga maandazi. Tumecheka sana.

Jumatano, 4 Septemba

Sicheki tena.

Padri kanipa faili la zamani. Matengenezo ya 1993. Fundi: Mahfoudh Nahodha.

Baba yangu.

Barua ya shukrani ya padri wa wakati ule ipo kwetu Michenzani, kwenye fremu, juu ya televisheni. Hakuna mgeni aliyeingia asionyeshwe. Nimekua nikiisoma. Ualimu wa ufundi, sifa, heshima ya mtaani, vyote kwa Baba vinatokana na barua ile.

Sikumwambia Padri. Wala Wakil.

Alhamisi, 5 Septemba

Nimepima ngazi mara tatu. Hapakuwa na haja.

Ijumaa, 6 Septemba

Baada ya chakula nikamuuliza Baba, kama mazungumzo tu: kwa nini simenti? Kafurahi kuulizwa! Siku zile chokaa ilionekana ya maskini, kasema. Uiloweke miezi, na mafundi wake washakufa. Simenti ndiyo ilikuwa ya kisasa, mtu akiipata anajiona.

"Nliwaambia mapadri, nyumba hii itanizika. Na utaona, itakuzika na wewe."

Kisha kauliza: "Plasta yangu vipi?"

Nikajibu ngumu bado. Si uongo. Lakini nimeona aibu.

Jumamosi, 7 Septemba

Ripoti. Kwenye "sababu" nikaandika unyevu. Nikafuta. Nikaandika simenti. Kwenye "fundi wa matengenezo yaliyopita" nimeandika: hajulikani.

Chini nimetia saini Nassra Mahfoudh. Nimejichukia.

Jumatatu, 9 Septemba

Naandika kwenye baraza ya nyumba ya mapadri, daftari juu ya goti.

Ripoti nimempa Padri asubuhi. Saa nne — Baba huyo! Hakuna aliyemwita. Kumbe jana niliiacha ripoti mezani, kaisoma. Na mimi leo asubuhi nilidhani kaamka vibaya tu, hakunisemesha.

Kabeba nyundo na tindo kwenye mfuko wa mchele. Kanipita. Kamuuliza Wakil boriti zilizooza ziko wapi, wakapanda. Wakil anasema katia kidole mwenyewe. Kashuka, kaanza kuibandua plasta ya ukuta wa hapa barazani. Ana miaka sabini na nne! Jasho linamtoka, nimemwambia apumzike, kama hakunisikia.

Wakil kaninong'oneza: mzee huyu nani, mbona anajua kila mahali plasta ilipoungwa?

Padri anashuka ngazi, ripoti mkononi. Anauliza: hajulikani vipi, Bi Nassra, na jina limo kwenye faili nililokupa?

Nimeinamia daftari kama naandika vipimo. Kugonga kumekoma. Baba kanipa mgongo, nyundo iko juu bado, anangoja nitasema nini —