Sitavua Kaske Juu ya Farasi

Kashebere, siku ya Mungu, kisha ibada

Kwa bibi yangu mupenzi, Mama Sifa,

Bwana asifiwe mu nyumba yetu. Nakusalimia kwa mikono mbili, sawa vile ningekusalimia kwenye mulango kama hii barabara ingekuwa barabara. Uliamkaje? Mugongo wako umepoa? Maharagi ya upande wa mutoni yalishatoa maua, ao mvua iliyapiga tena? Na ndugu yangu Fideli, anakula? Siku hizi anakuita jina gani? Mimi niko muzima, na kichwa changu kiko kizima, na njo habari ya hii barua.

Nilisikia vokali yako, ile sauti ulituma. Unajua vokali inaingiaka kwenye telefone ya depo, hapa stoo ya mifuko, na masikio ya wote iko pale. Sauti yako ikatoka kwa nguvu: "Baba Sifa, vua ile kintu! Mpaka huku Karuba batu banasema eti bwana yangu anavaa kaske ya pikipiki juu ya farasi. Utapoteza kazi juu ya kofia?" Depo yote ikacheka, hata mimi kidogo. Lakini nakujibu kwa karatasi, tuongee wawili tu, sawa vile tunaongeaga kwenye jiko ukichambua maharagi.

Jibu langu ni hapana. Sitavua. Soma yote kwanza, kisha ukasirike.

Kazi unaijua. Mvua ikizidi, magari inakwama mu matope, na patroni anabebesha farasi zake mifuko ya maharagi na unga ya muhogo, kutoka malisho yake kule juu mpaka hapa Kashebere. Kuja tunatembea kwa miguu, tunashika kamba. Kurudi farasi ziko tupu, tunapanda. Na desturi yetu sisi watu wa farasi, ule anafika wa kwanza kwenye mulango wa malisho njo anakunywa maziwa ya juu ya kibuyu, ile yenye mafuta. Wa mwisho anapewa maji ya kuosha kibuyu, pamoja na vicheko. Juu ya ile maziwa, wababa wenye wajukuu wanapiga farasi mbio kwenye mawe.

Fideli wetu, wakati tulikuwa kazi ya farasi kule Karuba, alikuwa anakunywa ile maziwa karibu kila safari. Siku alianguka, wewe ulikuwa nyumbani, mimi nilikuwa pale. Alianguka na kichwa, akasimama, akapanguza mavumbi, akacheka. Damu hakuna. Watu wakapiga kelele: "Mupandishe mbiyo, woga isimuingie!" Ile nayo ni desturi, mwenye kuanguka anarudishwa hapo hapo juu ya ile farasi. Wakamurudisha. Akafika, akakunywa maziwa yake, akatapika, akalala. Asubuhi ulimupelekea uji, akakuuliza: "Mama, wewe ni bibi ya nani?" Wewe njo uliniambia hii maneno huku unalia. Mama Sifa, mimi sijaisahau. Wewe umeisahau namna gani?

Basi, vile nilifika huku nikanunua kaske kwa motari mumoja, muntu wa kubeba watu na pikipiki, aliyekuwa anaacha kazi. Ah, vile walinicheka! "Papa Sifa, uliacha pikipiki wapi?" "Papa Sifa, piga honi, farasi ipite!" Mwanamuke mumoja wa ndizi, kila nikipita, alinisimamisha kwa mukono: "Motari, mpaka soko ni bei gani?" Nikamuambia apande nyuma. Akakimbia na ndizi zake.

Lakini shemasi Zakaria hakucheka. Yeye njo mukubwa wetu wa njia, na njo anaomba mbele tuondoke. Nilikuwa navua kaske kwa maombi, kisha amina naivaa tena. Siku moja akanisimamisha mbele ya wote:

"Papa Sifa, tumeisha kuweka safari mu mikono ya Mungu. Sasa unafunika kichwa juu ya nini? Unamuambia Mungu mikono yake iko mifupi?"

Nikamujibu: "Shemasi, kanisa ni nyumba ya nani?"

"Ya Mungu."

"Na kufuli ya kadenasi kwenye mulango wake, funguo iko mu mufuko ya nani?"

Wote wakageuka kuangalia mufuko yake. Akakohoa, akasema twende, jua inapanda.

Sasa sikia ya kuanguka kwangu, juu hii haukuambiwa. Juma iliyopita tulikuwa tunarudi. Wenzangu walishaenda mbio kwa maziwa. Mimi nilikuwa naenda polepole, na Riziki, ule kijana wa kwaya, nyuma yangu. Kwenye kijito, upepo ukainua bashi, turubai ya muntu anayeuzaka mafuta. Farasi ikaruka pembeni, mimi nikaenda upande mwingine. Sikukuwa na mbio, usikie vizuri. Kichwa kilipiga jiwe, kaske ikalia paa! kama chungu. Nikalala pale, naangalia mbingu, nikasema jina lako. Nikasema ya Sifa, ya mama, ya mito yote kutoka Karuba mpaka hapa. Yote ilikuwa mahali pake. Nikamushukuru Mungu nikiwa bado chini.

Riziki akaita wengine, wakarudi. Shemasi akasema: "Mupandisheni, woga isimuingie."

Nikamuambia: "Shemasi, woga imeishaingia. Tena iko na akili, inasema nitembee."

"Mungu amekulinda, panda!"

"Amina. Na alinilinda na kaske. Sipandi."

Nikatembea mpaka kwa muganga wa hospitali, nikishika kamba. Muganga akaniangalia macho, akaniuliza maswali ya kitoto, akasema nikae siku chache bila kazi, nikitapika ao kichwa kikiuma sana nirudi mbiyo. Na akashika kaske, akasema: ikiisha kupiga jiwe imekufa, hata kama sura yake iko nzuri, usiivae tena. Njo maana nikanunua ingine. Ile kikwembe ya kuvaa nilikuahidi imekuwa kaske, bibi yangu. Nisamehe kwa kikwembe. Kwa kaske siombi musamaha.

Sasa patroni. Akaniita: "Papa Sifa, unaharibu jina ya farasi zangu. Wafanyabiashara wanaona muntu amevaa kama anaenda vitani, wanasema farasi yangu iko na wazimu. Chagua, kaske ao farasi."

Nikamuambia: "Patroni, farasi ni yako. Kichwa ni ya Mungu, mimi niliwekewa tu. Siwezi kuichezea juu ya jina ya munyama."

Akachukua kamba mu mukono yangu, akamupa Riziki.

Basi leo sina farasi. Ninabeba mifuko hapa depo, kutoka gari mpaka ndani, na mugongo wangu sasa ni ndugu ya mugongo wako. Mabati ya nyumba itangoja. Nilitaka uisikie kwangu, siyo kwa vokali.

Lakini sikia na hii. Mbele waondoke, Riziki alikuja kwangu polepole, kama muntu anayekuja kuomba chumvi. "Papa, niazime kaske. Ya kurudi tu. Nitaivua mbele patroni aione." Nikamuambia: "Kuivaa kwa kujificha, hapana. Ivae mbele ya macho yake, ao uiache kwenye musumari." Akaiangalia sana. Akaichukua. Patroni akapiga kelele: "Na wewe tena?" Riziki, mutoto mwenye haya, ule anaimbaka akiangalia miguu yake, akasema: "Patroni, nilikuwa nyuma yake ile siku. Nilisikia lile jiwe." Mifuko tupu ilishafungwa juu ya farasi, mvua ilikuwa inakuja. Patroni akaangalia mawingu, akasema waende. Farasi yangu hakunirudishia, lakini Riziki akaenda na kaske kwenye kichwa.

Mama wa kwaya anayeleta hii barua anakuletea na kaske yangu ya kwanza. Weka kidole mu ufa wake, kutoka sikio mpaka juu. Kisha uite shemeji yangu Amani, mulinzi wa ng'ombe, anayepanda farasi ya malisho kichwa wazi, aweke na yeye kidole. Umuambie akianguka asirudishwe juu, hata acheke namna gani. Kisha mupe kuku ile kaske, atagie ndani. Muntu asiivae.

Nisalimie mama mukwe, shangazi wa ng'ambo ya mutoni, pastere wetu, na wamama wa maombi. Waambie wacheke, wasichoke.

Na Fideli, umukalishe karibu na moto umusomee hii barua yote, hata kama hatajua ni ya nani. Mimi nitakuja wakati wa kuvuna maharagi. Nitagonga mulango na nitakuita jina lako lenyewe.

Bwana yako mwenye kichwa kigumu na kizima,

Baba Sifa