Ruhusa Uliyoingoja

Dada yangu Mwanasha,

Rehema za Mola ziwe juu yako huko uliko. Sikukusudia kukuandikia nikiwa na hasira, lakini nimekaa nayo tangu jana na haijashuka, na wewe ndiye uliyezoea kunisikiliza nikifoka.

Jana mavyaa wako, Bi Mishi, mama wa mumeo, alisimama mbele ya watu akatoa ruhusa. Safari hii ni ya Riziki, aliyeolewa na mdogo wake mumeo. Ana mimba ya kwanza.

Siku hizi hapa Gazi tuna kikao cha wajawazito, kwenye chumba cha madrasa. Huja muuguzi wa zahanati, mkunga wetu Bi Fatuma, imamu, dereva wa tuktuk, na kila mwenye mimba pamoja na watu wa nyumbani kwake. Mimba ikikomaa, mume na mavyaa husema mbele ya wote kwamba ruhusa ya kwenda hospitali wameshaitoa. Uchungu ukianza, asingojewe mtu. Bi Fatuma naye humsindikiza mzazi mpaka ndani ya zahanati. Hafukuzwi tena getini kama mchawi, kama walivyomfanya zamani hata wanawake wakaisusia zahanati. Kikao kinafaa. Wanawake wanaondoka mapema, na watoto wao nawaona sokoni wakibebwa mgongoni. Nayakubali hayo yote, na hasira yangu iko pale pale.

Kwa sababu wewe, dada, si mtu niliyemdhania kungoja ruhusa. Unakumbuka harusi ya Kinondo? Mama alikuwa ametuachia ukindu tusuke. Ukili wangu ulikuwa umekwenda upande, ukaucheka, ukautupa mvunguni, ukanishika mkono tukaruka ua. Nilipokuuliza, "Na Mama je?" ukanijibu, "Ruhusa tutaomba tukirudi." Tulirudi tumeshiba pilau, tukachapwa sote wawili, na wewe ulikuwa ukilia huku unacheka.

Kisha ukaolewa, ukafunzwa adabu ya kungoja.

Uchungu ulikushika asubuhi. Baada ya adhuhuri Bi Fatuma aliona damu isiyo ya kawaida, akatoka ukumbini akasema, "Huyu si wangu tena. Mpelekeni hospitali ya Msambweni sasa hivi." Jirani akaleta gari mpaka mlangoni. Mumeo alikuwa kazini, jikoni kwenye hoteli ya Chale, na simu zao hufungiwa kabatini mpaka zamu iishe. Bi Mishi akaketi kizingitini. "Mwenyewe hajasema," alisema. "Mke wa mtu hatolewi nyumbani kama mzigo. Kawia ufike."

Mimi nilikuwa nimekushika mgongo. Kila uchungu ukikuachia uliniuliza, "Amepatikana?" Wewe, Mwanasha, uliyeruka ua wa Mama ukaniburura nyuma yako, ulikuwa unaulizia mtu wa kukuruhusu uishi. Alipopatikana ilikuwa magharibi. Ulikawia, dada, na hukufika. Wala mtoto wako hakufika.

Matangani walisema ni kudura. Kudura naiamini. Lakini lile gari mlangoni nalo lilikuwa kudura, na dereva alikuwa ameshawasha.

Jana basi, Bi Mishi alijitanda leso yake vizuri akasema, "Ruhusa nimetoa. Asingojewe mtu, hata mimi." Wanawake wakapiga vigelegele, imamu akaomba dua. Mimi sikupiga. Sauti yake ilitetemeka, najua alikuwa anakukumbuka, na sikumwonea huruma. Labda nitamwonea siku nyingine. Kilichonichoma ni ule wepesi. Alisema, akaketi, akaomba maji ya kunywa. Kumbe ni neno ambalo mtu angeweza kulisema akiwa amekaa pale pale kizingitini, bila hata kusogeza mguu.

Na bado tunaliita ruhusa. Mtu mzima mwenye akili zake, mwili ni wake, damu ni yake, nasi twashangilia kwa kuwa ameruhusiwa kuokolewa. Nimechoka kushukuru kwa jambo ambalo lilikuwa haki yako.

Kikao kilipokwisha nilimfuata Riziki mlangoni, akivaa viatu. Nikamwambia, mavyaa wake akisikia, kwamba siku ikifika, hata kama wote watayasahau waliyoyasema leo, yeye ashike njia.

"Na ruhusa je, dada?" akaniuliza. Watu walikuwa wametoka kuitoa muda huo huo, naye bado anaiulizia, maana ndivyo tulivyolelewa.

Nikamshika mkono kama ulivyonishika. "Ruhusa tutaomba tukirudi."

Bi Mishi aliinamisha kichwa.

Pumzika, dada. Mimi sitapumzika mpaka nimwone Riziki amerudi na mwanawe.

Mdogo wako, uliyemfunza kusuka na kuruka ua.