Kidole Kilichoninunisha

Marahaba, mjukuu wangu Fidelis.

Hapa Chiungutwa tu wazima, na mikorosho imeanza kutoa maua. Unaniuliza kama jirani yako huko Dodoma amekutegea uchawi, maana kidole gumba cha mguu kimevimba ghafla.

Nami ujanani nilikunywa uraka, ile pombe ya mabibo, kwa jirani yangu Chilumba, asubuhi kidole kikawaka moto. Hata shuka likinigusa nilipiga kelele. Nikaamini ni yeye. Siku tatu sikuitikia salamu zake.

Siku ya nne akaja na baiskeli.

"Panda, nikupeleke hospitali."

Nilipanda huku nimemkazia macho mgongoni. Daktari alinipima damu, akasema ni jongo: asidi imezidi kwenye damu, inaganda kama chembe za chumvi kwenye kiungo. Akanipa dawa, akanikataza pombe, akasema nipunguze nyama na ninywe maji mengi.

Wakati wa kurudi Chilumba akauliza bila kugeuka, "Ulidhani ni mimi?"

Niliinamisha macho kwenye kidole changu. Naye akaendelea kukanyaga pedali mpaka mlangoni kwangu.

Kabla hujamnunia mtu, kapime damu.

Babu yako