Mahali pa Kopo la Chumvi

Nyumba ya Mwalimu Mstaafu,
Nyuma ya Kiwanda cha Mbao.
Jumapili, 3 Agosti.

Mpendwa mjukuu wangu,

Pokea salamu kabla ya neno lolote. Hujambo? Kifua kimepona? Mtoto ameanza kutambaa? Sisi hatujambo, magoti ndiyo yanalalamika, nami nimezoea kutoyasikiliza.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Unasema mumeo akipiga simu kutoka huko kazini mnaulizana hali, kisha kimya. Na kwamba unataka kumwambia asije likizo mwezi ujao, maana mmekuwa kama wageni. Subiri kidogo, mama.

Bibi yako alipokwenda kusomea ukunga miaka miwili, nilibaki na darasa la watoto hamsini, na mama yako wa miaka mitano. Kila Jumamosi nilimwandikia kurasa tatu. Insha safi kabisa: nakupenda, nakukumbuka, sisi wazima.

Akaja likizo ya kwanza. Bado naliona koti lake la kijivu pale mlangoni. Alipitiliza jikoni, akanyoosha mkono kwenye rafu achukue chumvi, akagusa ukuta. Nilikuwa nimeihamishia kabatini kwa sababu mama yako alikuwa akiichezea. Bibi yako akaketi kwenye kigoda, akalia.

"Makaratasi yote yale, Mwalimu, hata chumvi hukuniambia iliko? Mimi mgeni humu?"

Jioni ileile niliirudisha. Mwaka wa pili nikamwandikia mambo madogo: bawaba imelegea, mtoto ameng'oka jino, nimeunguza wali tena. Naye akanieleza juu ya mwenzake wa chumbani aliyekoroma kama trekta. Zile insha za mapenzi sijui ziliishia wapi. Barua ya bawaba anayo sandukuni mpaka leo.

Basi akipiga simu, usitafute maneno makubwa. Mwambie kochi umelisogeza dirishani. Mwulize kitanda chake kinaelekea wapi. Na mwache aje.

Nisalimie mama yako, shangazi yako mshonaji, na kitukuu changu. Bibi yako, mke mwenzio, yuko jikoni, anasema umvumilie mzee, huzunguka sana lakini hufika. Macho yake yamefifia siku hizi, ila chumvi huipata bila kupapasa. Sijaihamisha tena, mwaka wa arobaini na tatu huu.

Mungu awalinde kila mmoja alipo, awakutanishe mkiwa wazima.

Ni mimi babu yako, nikupendaye siku zote,
Mwalimu.